Pingwe, ambako bahari ndiyo inayopanga saa ya chakula

Tulifika Pingwe saa sita kasoro robo mchana, siku ya pili baada ya mwezi mpevu, na maji ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kurudi. Mbele yetu ulilala uwanda wa mchanga mweupe wenye vijito vya maji ya chumvi, ngarawa zimeegemea ubavu, na hatua chache kutoka ufukweni jiwe moja la matumbawe limesimama peke yake, limebeba nyumba ya makuti kichwani. Mama yangu, mtoto wa mvuvi aliyekulia Tanga, aliliangalia kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo sijaacha kulitafakari tangu siku ile: "Hapo juu vyakula huwa wanavipandisha saa ngapi?"

Hakuuliza bei, wala hakuuliza kunapikwa nini. Aliyekulia pwani anaona mara moja kwamba mahali kama pale kila kitu, uwe mtungi wa gesi, ndoo ya barafu, gunia la viazi au mgeni mwenyewe, lazima kivuke uwanda ule ule. Na uwanda ule hupatikana kwa zamu.

Mkahawa wenyewe unaitwa The Rock. Uko Michamvi Pingwe, pwani ya kusini-mashariki ya Unguja, takriban kilomita 60 kutoka mjini kwa njia ya Paje, Bwejuu na Dongwe. Zamani jiwe hilo lilikuwa kituo cha wavuvi. Siku hizi picha yake ni miongoni mwa picha za Zanzibar zinazosambaa zaidi duniani, na kwa kuwa meza ni chache, mtu huweka nafasi mapema. Maji yakipwa unatembea hadi kwenye ngazi za mbao. Yakijaa unavushwa kwa mashua.

Wengi wanaopasifia pale husifia mandhari, na wana haki. Mimi naona thamani ya mahali hapo iko kwingine. Meza ile imekubali kuambiwa hapana na bahari. Kuna saa ambazo huwezi kufika kwa miguu hata uwe na fedha kiasi gani, na kuna saa ambazo mashua haina kazi kwa sababu hakuna maji ya kuielea. Mkahawa umejipanga kufuata hilo. Nikitembea pwani yetu naona biashara nyingi zikifanya kinyume: zinauza ukaribu na bahari, kisha zinatumia nguvu kubwa kuinyima bahari, pamoja na watu wanaoishi kwayo, nafasi ya kusema lolote.

Inafaa kueleza kidogo jinsi maji yanavyokwenda, kwa kuwa wageni wengi, hata sisi wa bara, huja pwani bila kujua. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, ndiyo maana kila siku mambo husogea mbele kidogo. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, tunapata bamvua: maji hupanda na kushuka karibu mita 4 Unguja. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, na tofauti inaweza kubaki mita moja hivi. Kuna jambo ambalo mwenyeji hulijua bila kufungua jedwali lolote. Katika visiwa hivi siku za bamvua maji hukauka saa nne au saa tano asubuhi na kujaa saa kumi au kumi na moja jioni, mwezi hadi mwezi. Siku za maji mafu hugeuka: yanajaa asubuhi hiyo na kupwa jioni hiyo. Kwa hiyo mtu anayekwenda Pingwe kwa chakula cha mchana wakati wa bamvua huenda kwa miguu na kurudi kwa mashua. Akienda juma linalofuata, safari inakuwa nyingine kabisa ingawa saa yake ya mkononi inasoma vilevile. Ukitaka kula pale vizuri, tazama mwezi kwanza, kisha ndipo upige simu kuweka nafasi.

Nimewahi kusoma habari za mkahawa wa Ithaa huko Maldivi, uliofunguliwa mwaka 2005, ambao uko mita 5 chini ya maji. Wateja 14 hukaa ndani ya kuta zinazopitisha mwanga, samaki wakipita juu ya vichwa vyao. Ulitengenezwa Singapore, ukasafirishwa kwa meli, ukazamishwa. Ni kazi kubwa ya uhandisi na siibezi. Lakini upekee ule ulinunuliwa, na mwenye fedha za kutosha anaweza kununua mwingine kama huo na kuuzamisha popote penye maji masafi. Jiwe la Pingwe halina karakana linakoagizwa. Ni mabaki ya matumbawe yaliyoota zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Ni jiwe la jamii ileile ambayo wazee waliichimba na kujengea kuta za Mji Mkongwe. Bahari ilililea, ikaliacha juu, na sasa inakula miguu yake kidogo kidogo, ndiyo maana mawe ya aina hii yamebonyea chini na kutanuka juu. Mwenye mkahawa hakulitengeneza jiwe, hakuyatengeneza maji yanayolizunguka, wala hakuutengeneza mwamba wa mbali unaoyavunja mawimbi makubwa kabla hayajafika kwenye mchanga. Alichofanya ni kupanda juu yake kwa adabu, na hilo nalo ni jambo la kushukuru.

Hapo ndipo uchambuzi wa mahali kama hapa unapopaswa kuanzia, kwenye swali la nani anamiliki kile kinachouzwa. Tunapolipa bei ya juu kwa sahani ya samaki ambayo tungeipata kwa robo ya bei hiyo mjini, fedha ya ziada inalipia nafasi. Nafasi hiyo kwa sehemu kubwa ni mali ya wote. Zanzibar ardhi ni ya umma chini ya Serikali tangu baada ya Mapinduzi, na mwekezaji hukodishwa. Kenya imeliandika jambo hili ndani ya Katiba ya mwaka 2010: ibara ya 62 inaitaja ardhi yote iliyo kati ya mstari wa maji kujaa na mstari wa maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka mita 60 za kuachwa bila shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ya fukwe. Maneno yapo. Tatizo ni kwamba ufukweni hakuna anayeyasoma.

Siku mbili kabla ya Pingwe tulikula kwenye hoteli nyingine ya ufukweni, ambayo sitaitaja jina. Tulitaka kufika kwa kutembea mchangani kutoka nyumba tuliyopanga. Mlinzi akatusimamisha kwenye ukuta wa mawe ulioshuka hadi majini, akatuelekeza tuzunguke barabarani. Wale vijana wawili wenye madema ya uvuvi waliokuwa nyuma yetu hakuwaelekeza popote, aliwarudisha. Mezani tulipewa kipande cha samaki mweupe asiye na mwiba hata mmoja. Mama akamuuliza kijana aliyetuhudumia ni samaki gani, naye kwa heshima akamjibu, "Huyu anatoka nje, bibi, anakuja na barafu." Nje, umbali wa meza yetu na maji ukiwa hatua 20. Nilikasirika wakati ule na bado nina hasira. Ukuta kama ule hauwazuii watu peke yao. Mawimbi yakigonga ukuta hurudi na mchanga, na ufukwe wa jirani ndio unaoanza kuliwa. Baada ya miaka michache jirani naye atajenga wake, na pwani nzima itakuwa na kuta badala ya mchanga ambao wageni waliufuata.

Sasa turudi juu ya jiwe, na tuzungumze kuhusu pweza, kwa maana sahani ya pweza inaeleza mengi kuliko ramani yoyote ya utalii.

Tukiwa mezani saa saba, maji yakipanda, tuliwaona kina mama wakirudi kutoka mwambani, wamekunja kanga hadi magotini, kila mmoja na kijiti chake cha kuchokolea na pweza wawili watatu wakining'inia kwenye kamba. Msemo wetu unasema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, na katika pwani hii mvuvi huyo mara nyingi ni mwanamke. Hana mashua wala nyavu. Ana saa mbili au tatu za maji makavu, tena siku chache za bamvua katika mwezi, na kichwa kinachokumbuka kila tundu la mwamba. Pweza huyo husafiri kwa njia mbili. Wengine hupikwa hapa. Wengine wengi huchukuliwa na wachuuzi, hupelekwa viwandani kugandishwa na kuuzwa Ulaya ya kusini. Bei ilipopanda, wanaume wenye miwani ya kuzamia na mikuki walianza kuwafuata pweza kwenye maji ya kina, na walioachiwa mwamba wa juu wakaanza kurudi na pweza wadogo.

Dawa inajulikana na imejaribiwa. Pweza huishi muda mfupi, mwaka mmoja au zaidi kidogo, na hukua haraka mno. Ukimwacha miezi miwili au mitatu unampata akiwa na uzito mara kadhaa ya ule wa mwanzo. Kijiji cha Andavadoaka, Madagaska, kilifunga sehemu ya mwamba wake mwaka 2004, kikaufungua baada ya miezi kadhaa, na mavuno yakawashawishi majirani wafuate. Kwetu Pemba, watu wa Kisiwa Panza nao wamefunga na kufungua mwamba wao kwa utaratibu huohuo. Kazi ngumu haiko majini. Iko kwenye kukubaliana, kulinda usiku, na kuvumilia miezi ya kutokula huku ukijua pweza yupo.

Mkahawa wa pwani unahusika hapa moja kwa moja. Mkahawa unaouza pweza siku 365 za mwaka unamwambia mchuuzi alete pweza siku 365 za mwaka. Ukiwa na orodha ya vyakula isiyobadilika, iliyopigwa chapa kwenye karatasi nzito yenye picha, umeahidi kitu ambacho bahari haikuahidi. Mimi ningependa kuona mikahawa hii, ambayo wageni wake tayari wamekubali kusubiri maji, ikiwafundisha pia kusubiri pweza. Mgeni aliyevua viatu na kuvuka maji ya magotini ili ale hawezi kushindwa kusikia maneno "leo hakuna, mwamba umefungwa mpaka mwezi ujao". Naamini atayathamini. Atakwenda kwao na hadithi nzuri kuliko picha ya jiwe, na atakuwa amekula tasi au changu aliyevuliwa asubuhi hiyo, ambaye kwa ladha hana deni kwa pweza.

Hoja dhidi yangu ninaijua, na ina uzito. Mwenye mkahawa anabeba hatari: anapika mahali pasipo na bomba wala barabara, kusi likivuma anapoteza siku, wageni wanafika wakiwa na matarajio yaliyojengwa na picha, na mishahara inamngoja mwisho wa mwezi. Wageni zaidi ya 700,000 walioingia Zanzibar mwaka 2024 hawakuja kusomeshwa habari za mwamba, walikuja kupumzika. Ajira za mikahawa na hoteli zimewabakisha vijana wengi wa kusini karibu na kwao badala ya kukimbilia mjini. Yote hayo ni kweli. Lakini tazama mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989 katika pwani hiihii ya mashariki, Paje na Jambiani, kikashikwa zaidi na wanawake na kuwapa wengi wao fedha za kwanza zilizokuwa zao wenyewe. Leo maji ya kina kifupi yamekuwa ya moto kuliko zamani, ile aina ya bei nzuri inayoitwa kotoni hufa kabla ya kuvunwa, na vigingi vya mwani vinagombea nafasi ileile na waogeleaji na wachezaji wa tiara za baharini. Anayetoka kwenye mwani anarudi kwenye mwamba wa pweza. Kwa hiyo presha inayoanzia mbali, kwenye joto la bahari na soko la dunia, inaishia kwenye kijiti cha mama mmoja, na pweza wake anaishia kwenye sahani yangu. Sioni namna mkahawa unavyoweza kusema hayo hayauhusu.

Kuna jambo jingine linalonigusa, nalo ni lugha. Katika mikahawa ya namna hii niliyowahi kula, ya Kenya na ya kwetu, orodha ya vyakula huandikwa Kiingereza na Kiitaliano, na pweza wa nazi, chakula cha bibi zetu, huja na jina ambalo bibi asingelitambua. Mama alilazimika kunipa mimi karatasi nimsomee. Kanuni za mwaka 2025 zilizokataza bei za ndani kutangazwa kwa fedha za kigeni zilisaidia kidogo. Angalau mtu anaona shilingi na kujua anachokilipa. Lakini shilingi zilizoandikwa hazimkaribishi mtu kama neno lake mwenyewe linavyomkaribisha. Andikeni "changu wa kuchoma kwa ndimu na pilipili". Andikeni mwamba aliotoka. Mgeni wa Ulaya atauliza maana yake, na hapo mhudumu, ambaye mara nyingi ni mtoto wa kijiji, atakuwa ndiye mjuzi mezani.

Na sisi wenyewe twendeni. Familia nyingi za Dar es Salaam zikifika Unguja huishia Forodhani jioni, na Forodhani ni pazuri, hasa baada ya bustani kukarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Urojo wa pale na mishikaki sina ubaya navyo. Hata hivyo tumezoea kuamini kwamba pwani ya mashariki ni ya wageni. Juma la maji mafu, katikati ya juma, msimu wa mvua, meza hizi hupungukiwa watu. Bei ya mwananchi kwa siku hizo ingejaza viti na isingemnyima mtu chochote. Ningetamani kuona walimu wa Makunduchi wakisherehekea kustaafu kwa mwenzao juu ya jiwe lile, na watoto wa Bwejuu wakila keki ya kuzaliwa huku wakihesabu ngarawa za baba zao.

Mama aliagiza pweza. Alitafuna kipande cha kwanza polepole, macho yakiwa baharini, kisha akasema, "Huyu kapigwa sawasawa." Kwa asiyejua, pweza lazima apigwe kwenye jiwe mpaka alainike, kisha achemke kwa maji yake mwenyewe kabla ya tui kuingia, anayeruka hatua hiyo unamjua kwa taya. Wanangu wawili walikuwa wameacha chakula, wamelala kifudifudi kwenye sakafu ya mbao wakichungulia chini, wakipiga kelele kila wimbi lilipofunika alama ya nyayo zetu. Saa nane alama zote zilikuwa zimekwisha. Tuliokuwa tumekuja kwa kutembea tulijikuta tumezungukwa na maji ya kijani kibichi pande zote, na meza zikawa kimya kidogo. Kila mmoja alikuwa ametambua kwamba sasa hawezi kuondoka kwa hiari yake peke yake. Ndicho nilichokipenda zaidi katika likizo nzima. Kwa saa moja hivi hakuna aliyekuwa na haraka, kwa sababu haraka haikuwa na pa kwenda.

Saa tisa tulishuka ngazi tukapanda mashua. Mwenye mashua, mtu mzima mwenye kofia ya ukindu, alimshika Mama mkono na kumkalisha upande usio na jua, kisha akasukuma kwa pondo. Mama akamsalimia, wakaulizana kwao ni wapi, wakafika haraka kwenye habari za kusi na za samaki kupungua. Tulipokaribia ufukwe akamuuliza, "Na kesho yatakauka saa ngapi?"

"Kesho yatasogea mbele, dada. Dakika arubaini, hamsini hivi."

Mama akahesabu kwa vidole, midomo ikimcheza bila sauti, kisha akanigeukia. "Basi kesho tukija saa saba," akasema, "maji hayatatufika hata kwenye vifundo."